Sampuli zinazopotea njiani: kurekodi lugha kwa waya wa USB

Sauti ya mzungumzaji haiingii katika kompyuta kama sauti. Huingia kama nambari. Maikrofoni huipeleka katika kadi ya sauti ya nje, kadi huipima mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo, tunachokiita sampuli, husafiri kwa waya wa USB hadi kwenye programu inayokiandika katika diski. Somo hili linahusu sampuli zisizofika. Zinapopotea, mara nyingi kompyuta haisemi neno, na faili hufunguka katika Praat kana kwamba ni zima. Mwanafunzi wa fonetiki anapima, anajaza jedwali, anampelekea mwelekezi wake tasnifu. Hapo kasoro ya waya imekwisha kugeuka kuwa tokeo la isimu, na hakuna katika jopo atakayeiona, kwa sababu jopo husoma jedwali, halisikilizi rekodi.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linafanya nini katika jarida la kitivo cha lugha. Si la wenzetu wa informatiki? Jibu langu ni kwamba wenzetu wa informatiki wanaweza kututengenezea kompyuta, ila hawawezi kututambulia kipasuo cha uongo ndani ya irabu. Kazi hiyo ni yetu.

Tundu linalofanana na lugha

Tuchukue kwanza mpumuo. Msemaji wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa, yule mnyama wa porini, kwa pumzi inayofuata p ya mnyama kabla nyuzi za sauti hazijaanza kutetemeka. Wengi wetu huku Kongo tofauti hiyo tunaisoma vitabuni tu, lakini anayetaka kulinganisha Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu na kile cha pwani lazima aipime, na kipimo chake ni milisekunde. Sasa, programu za kurekodi hupokea sampuli kwa mafungu. Fungu moja la sampuli 1,024, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 21. Fungu hilo likipotea katikati ya pumzi, na ncha mbili zilizobaki zikaunganishwa, p yenye mpumuo itaingia katika jedwali ikiwa na mpumuo mfupi mno, au haina kabisa.

Kwenye toni hasara ndogo zaidi inatosha. Mwanamume anayesema kwa 125 Hz, kila mzunguko wa nyuzi zake za sauti huchukua milisekunde 8. Mwondolee milisekunde 1 tu ndani ya mzunguko mmoja: sasa mzunguko huo una milisekunde 7, yaani 143 Hz. Kidatu kimeruka zaidi ya nusutoni 2 mahali ambapo msemaji hakupandisha kitu. Kama unachunguza Kiluba, Mashi au Kinande, lugha ambazo toni hubeba maana, mruko wa namna hiyo si vumbi la kupuuzwa.

Lililo baya zaidi ni sura ya tundu lenyewe katika spektrogramu. Ncha mbili za wimbi lililokatika zinapounganishwa hazikutani kwa urefu uleule. Kunatokea mruko wa ghafla, na mruko wa ghafla husambaza nguvu katika masafa yote kwa wakati mmoja. Katika picha ni mstari mweusi uliosimama wima kutoka chini hadi juu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaujua mstari huo: ndio tuliofundishwa kuutafuta ili kuona mpasuko wa p, t au k. Programu nyingine haziunganishi ncha. Hujaza sufuri mahali palipopotea sampuli ili muda wa rekodi ubaki sawa, na hapo utaona kimya cha milisekunde 20 katikati ya irabu, kinachofanana kabisa na mfungo wa kipasuo au na konsonanti ya glota. Mwenye hamu ya kugundua konsonanti mpya katika lugha ya kwao ataigundua.

Tofauti ya aina hizi mbili za tundu ni muhimu kuikumbuka. Lililojazwa sufuri linatunza muda wa tamko zima na kuharibu umbo. Lililounganishwa linaharibu vyote viwili, na kwa anayepima urefu wa irabu, kwa mfano irabu fupi na ndefu za Kiluba, linapunguza urefu bila kuacha kimya cha kumshtua.

Kwa nini waya wenye kasi hupoteza

Wengi husema: waya wangu ni wa kasi, kosa haliwezi kuwa hapo. Kwa kweli kasi ni nyingi mno kuliko tunayoihitaji. USB 2.0, iliyotangazwa mwaka 2000, huenda hadi megabiti 480 kwa sekunde. Sauti ya maikrofoni moja, kwa sampuli 48,000 zenye biti 16, ni biti 768,000 kwa sekunde. Ukigawanya, waya unaweza kubeba mara 625 ya mzigo huo. Kwa hiyo anayekimbilia kununua waya wa kasi zaidi anatibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Tatizo linaanza katika namna ya kubeba. USB ina namna kadhaa za kuhamisha data, na mbili zinatuhusu. Ya kwanza niite uhamishaji wa shehena. Kila pakiti hubeba nambari ya ukaguzi. Anayepokea hukagua na kukiri kwamba amepokea. Pakiti ikifika imeharibika, hutumwa tena. Ni kama karani wa posta asiyekupa kifurushi bila saini. Namna hii haiahidi saa ya kufika, inaahidi kufika. Fleshi na kadi ya kumbukumbu huitumia tunaponakili mafaili.

Ya pili ni uhamishaji wa isokroni, na ndiyo kadi za sauti hutumia. Hapa kila kipande cha wakati kimetengewa nafasi ya sauti, nafasi hiyo haichukuliwi na mwingine, lakini hakuna saini na hakuna kurudia. Nambari ya ukaguzi ipo, kwa hiyo kompyuta inaweza kujua kwamba pakiti imeharibika. Haina njia ya kuiomba tena. Mtangazaji wa redio hasimamishi habari kwa sababu wewe umekohoa. Walioibuni namna hii hawakuzembea. Waliwaza mtu anayesikiliza sasa hivi, ambaye kwake sauti iliyochelewa haina faida kuliko sauti iliyokatika. Mtafiti ana haja tofauti: yeye yuko tayari kungoja, mradi apate zote. Tunatumia chombo kilichokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na ni vizuri kulijua hilo.

Vipande vya wakati nilivyovitaja vina urefu maalumu. Kwenye USB ya kasi ya megabiti 12, ambayo kadi nyingi za bei ndogo bado huitumia, fremu moja ni milisekunde 1: sampuli 48 kwa kila pakiti. Kwenye kasi ya megabiti 480, milisekunde moja hugawanywa mara nane, na kila fremu ndogo, yenye mikrosekunde 125, huweza kubeba sampuli 6. Shika nambari hizi, zitatusaidia hapa chini.

Mahali pa pili pa kupotezea ni ndani ya kompyuta, na kwa maoni yangu ndipo hasara nyingi za wanafunzi hutokea. Sampuli zikishafika hukusanywa katika bafa, yaani akiba ndogo ya kumbukumbu, hadi programu ije kuzichukua. Fikiria bomba la mtaani siku maji yanapotoka. Bomba halikungojei. Unaweka bidoni, inajaa, unaitoa na kuweka nyingine. Ukiitwa kidogo na jirani, bidoni inafurika, na maji yaliyomwagika hayarudi hata kama nyumbani una bidoni ishirini tupu. Jirani anayeiita kompyuta ni antivirusi iliyoanza kukagua diski, masasisho yanayoshuka kupitia Wi-Fi, kivinjari chenye kurasa kumi na tano wazi. Inatosha achukue milisekunde 30 mara moja katika dakika kumi. Ndiyo maana haisaidii kutazama kipimo cha matumizi ya prosesa na kuona asilimia 5: wastani ule hauonyeshi dakika wala sekunde ambayo mwenye bomba hakuwepo.

Jaribio, na mtego wa 1,000 Hz

Usitafute kasoro kwa rekodi ya mzungumzaji. Katika maneno ya mtu mruko wa kidatu unaweza kuwa wake, na kimya kinaweza kuwa chake. Tumia sauti ambayo unajua mapema jinsi inavyopaswa kuwa.

Praat inaweza kuunda toni safi ya masafa unayoyataka. Iunde, ihifadhi kama faili la WAV, ihamishie kwenye simu, na uipige kutoka kwenye simu mbele ya maikrofoni huku kompyuta ikirekodi kwa dakika kumi au zaidi, kwa mipangilio ileile utakayotumia kijijini. Usiipige kutoka kwenye kompyuta inayorekodi, kwani upigaji nao hupita njia ya bafa, na hutajua ni upande upi umekatika. Kisha fungua spektrogramu. Toni safi ni mstari mmoja uliolala. Kila mstari uliosimama wima ni mahali palipopotea kitu (au palipogongwa meza, kwa hiyo fanyia chumba tulivu, na mshukiwa yeyote mtazame kwa karibu katika wimbi).

Sasa mtego. Watu wengi huchagua 1,000 Hz kwa sababu ni nambari nzuri. Mzunguko mmoja wa 1,000 Hz ni milisekunde 1 kamili, na tumeona kwamba fremu ya USB ya kasi ndogo nayo ni milisekunde 1 kamili. Pakiti moja ikipotea na ncha zikaunganishwa, wimbi linaendelea pale lilipoachwa, bila mruko wowote. Zikipotea mbili, hali ni ileile. Jaribio litakuambia kwamba kadi ni salama huku inapoteza. Chagua masafa yasiyoingia katika milisekunde bila kubakisha kitu. Mimi hutumia 437 Hz: milisekunde 1 humkata chini kidogo ya nusu mzunguko, na kovu linaonekana hata kwa macho yaliyochoka.

Urefu wa toni yote pia upimwe, lakini kwa busara. Rekodi sambamba na kinasa cha pili, simu nyingine ikitosha, na upige makofi mwanzo na mwisho. Linganisha muda kati ya makofi katika mafaili mawili. Hautakuwa sawa, kwa sababu saa za ndani za vifaa hazitembei pamoja; tofauti ya sehemu 50 kwa milioni, ambayo si ajabu, ni milisekunde 180 kwa saa moja. Tofauti ya saa hukua polepole na kwa usawa. Hasara ya sampuli huja kwa miruko. Basi piga makofi pia katikati, mara nne au tano: tofauti ikipanda kama ngazi badala ya mteremko, umepata unachokitafuta.

Ukubwa wa tundu nao husema limetoka wapi. Tundu la milisekunde 1, au la milisekunde chache kamili, hunielekeza kwenye waya, tundu la USB au kigawanyio. Tundu lenye sampuli 256, 512 au 1,024, sawasawa na bafa iliyowekwa katika programu, hunielekeza ndani ya kompyuta. Si sheria isiyovunjika, lakini huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kurekebisha, kitu kimoja kwa wakati

Badili jambo moja, rudia jaribio, andika matokeo, ndipo uguse jingine. Mtu anayebadili waya, bafa na programu kwa pamoja anaweza kupona bila kujua dawa ilikuwa ipi, na ugonjwa ukirudi akiwa kilomita 200 kutoka chuoni hana pa kuanzia.

Kwa upande wa waya, chomeka kadi moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kisanduku cha kugawanya USB ambamo fleshi, panya na kamera wanashindania njia moja. USB 2.0 huruhusu waya wa mita 5 hivi kwa kasi kamili. Mfupi ni bora, na uliolegea kwenye tundu utupwe tu. Kumbuka pia umeme: tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, na kadi inayolisha maikrofoni ya kondensa huku diski ya nje ikinyonya kwenye kigawanyio hichohicho inaweza kuzimika kwa nukta ya sekunde na kuwaka tena.

Ndani ya kompyuta, ongeza bafa. Bafa ndogo ni haja ya mwanamuziki anayejisikiliza kupitia kompyuta, asiyetaka kuchelewa kati ya kidole na sikio. Sisi hatupigi gitaa. Bafa ya sampuli 2,048 humpa mwenye bomba milisekunde 43 za kuchelewa bila hasara, na hakuna anachopoteza mtafiti. Zima Wi-Fi, simamisha masasisho, funga kivinjari. Katika mipangilio ya nishati, zuia kompyuta isilaze matundu ya USB na isipunguze mwendo wa prosesa; hili hutuuma hasa kijijini, kwa sababu kompyuta ya mkononi iliyojaribiwa chuoni ikiwa kwenye umeme hubadili tabia inapobaki na betri. Jaribio la toni lifanywe kwa betri. Rekodi kwenye diski ya ndani, si kwenye fleshi.

Na punguza tamaa ya nambari kubwa. Nimeona tasnifu zikijivunia sampuli 192,000 kwa sekunde kwa ajili ya kupima fomanti mbili za kwanza za irabu, ambazo zote ziko chini ya 3,500 Hz. Kwa maneno ya binadamu 44,100 au 48,000 zinatosha, s ikiwemo. Kuzidisha mara nne ni kuongeza mzigo wa bomba, si ukweli wa kipimo.

Suluhisho ninalolipenda zaidi ni kuuondoa waya katika njia. Kinasa kinachojitegemea huandika katika kadi yake ya kumbukumbu bila kupitia USB hata kidogo, na USB hutumika baadaye kunakili, kwa ile namna ya shehena yenye saini. Ikiwa kitivo kinaweza kununua kitu kimoja tu, kinunue hicho kabla ya kompyuta nyingine.

Kunakili na faili lisilofunguka

Kunakili nako kuna hatari zake, ila ni za aina nyingine. Saini ya USB hulinda pakiti; hailindi faili dhidi ya mtu anayechomoa fleshi kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Kompyuta husema imemaliza wakati sehemu ya data bado iko katika kumbukumbu yake. Toa fleshi kwa amri ya kutoa, kila mara. Kisha kagua kwa hashi ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole cha faili: kwenye Linux ni amri sha256sum, kwenye Windows ni certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Kabla ya kukagua nakala, ichomoe diski na uirudishe, la sivyo kompyuta inaweza kukusomea kutoka kumbukumbu yake badala ya diski. Hashi mbili zikilingana, nakala ni sawa na asili. Hazisemi chochote kuhusu asili yenyewe: rekodi yenye matundu ikinakiliwa vizuri inabaki na matundu yaleyale. Usifute kadi ya kinasa kabla ya hapo.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili la WAV huenda likakataa kufunguka au likajitangaza kuwa na sekunde 0. Tazama ukubwa wake kabla ya kulia. Faili la kawaida la WAV huanza na kichwa cha baiti 44 kinachotaja, pamoja na mengine, urefu wa data, na programu nyingi hukamilisha urefu huo mwishoni. Saa moja ya sauti ya njia moja kwa sampuli 48,000 zenye biti 16 ni baiti 345,600,000. Faili lenye baiti karibu na hizo lina sauti ndani, limekosa kichwa tu. Katika Audacity chagua kuingiza data ghafi, taja sampuli 48,000, biti 16, njia moja, na uruke baiti 44 za mwanzo. Sauti hurudi. Na kwa kuwa sehemu ya urefu katika kichwa cha WAV ina biti 32, faili haliwezi kupita gigabaiti 4 hivi. Kwa njia mbili za biti 24 na sampuli 48,000 hiyo ni kama saa 4 na dakika 8. Katisha rekodi ndefu mapema, mzee anapopumzika kunywa chai.

Linabaki swali la rekodi zilizokwisha kufanywa na ambazo zina matundu. Kuna programu zinazoziba matundu kwa kukisia wimbi lililokosekana. Kwa hadithi itakayochezwa redioni, sawa. Kwa kipimo, sampuli iliyokisiwa ni data iliyobuniwa, hata kama mbunifu ni mashine. Weka alama kila tundu kwenye gridi ya matini ya Praat, toa katika hesabu kila tamko linaloguswa nalo, na uandike katika sura ya mbinu ni matamko mangapi yametolewa, kadi ilikuwa ipi, bafa ilikuwa kiasi gani na toni ya jaribio ilionyesha nini. Walimu wetu wangefanya vema kulidai faili la toni ya jaribio pamoja na korpasi. Ni dakika kumi za kazi.

Ikiwa ulirekodi sambamba kwa simu, faili la simu litakujulisha neno lililokatika lilikuwa lipi, na matini ya hadithi itakamilika. Vipimo vya milisekunde visichukuliwe humo kujazia vya kadi: maikrofoni ni nyingine, saa ni nyingine, na simu nyingi hubana sauti. Kwa vipimo hivyo itabidi kumrudia mzungumzaji na orodha ileile ya maneno, na afadhali iwe mapema, kwa sababu wengi wa tunaowarekodi ni wazee.